Wachezaji hawaogopi mabadiliko

Mwandishi wa makala inayodai kuwa wanaogopa mabadiliko amewaonea wachezaji wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2000. 2003 ikaja 3.5, na aliyekwishanunua vitabu vitatu vya msingi akatakiwa avinunue upya. Lilipofika la 4 mwaka 2008, wengi walihamia mchezo wa Pathfinder wa kampuni ya Paizo, ulioendeleza kanuni za 3.5. Huo si ukaidi hata kidogo! Mhusika uliyemlea miaka na miaka, karatasi yake imefutwafutwa hadi kutoboka penye pointi za uhai, hahamishiki kirahisi kwenye kanuni mpya. Toleo la 5 la 2014 lilipokelewa vizuri kwa kuwa tangu 2012 wachezaji walipewa rasimu waijaribu mezani na kutoa maoni. Hilo makala imeliruka kabisa.