Usiung'oe mmea, ila usimfundishe mtoto kufyonza maua

Msomaji wa Arusha ameniuliza kama aung'oe mmea unaotambaa barazani kwake, ule ambao Waingereza huuita honeysuckle, kwa kuwa mwanawe wa miaka miwili sasa anatia kila kitu mdomoni. Jirani amemwambia una sumu.

Usiung'oe, dada yangu. Matunda yake madogo, mekundu au meusi kutegemea aina, yanaweza kumuumiza mtoto tumbo na kumtapisha au kumharisha akila kadhaa, lakini ni nadra kuleta madhara makubwa. Kata maua yanaponyauka ili yasizae matunda. Kupogoa huko pia husaidia mmea ubaki kimo cha mtu badala ya kukimbilia kwenye paa. Aina fupi hukua vizuri hata kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa chini, shina likiwa kivulini na maua yakipata jua. Ningekuwa naandikia wa Dar es Salaam, ningemwambia apande asmini tu.

Usiuweke karibu na dirisha la mtoto mwenye pumu. Harufu yake huzidi jioni, maana huwaita nondo wa usiku, na wapo wagonjwa ambao harufu kali huwabana kifua.

Ninachokiogopa mimi ni ule mchezo wa kufyonza maua. Haya yana maji matamu kwenye kitako, na watu wazima hupenda kuwaonyesha watoto. Mtoto wa miaka mitatu hajifunzi kwamba ua hili moja ni tamu. Anajifunza kwamba maua huliwa. Kule Marekani watoto wamewahi kudhurika kwa kufyonza maua ya njano ya mmea mwingine unaotambaa, jelsemiamu, wakidhani ni honeysuckle.

Hapa kwetu tazama uzio wako. Upo ule mti wa majani membamba, maua ya njano kama kengele na tunda la kijani lenye kokwa ngumu. Unapandwa kwa sababu mbuzi hawaugusi, na mbuzi wana akili. Sumu yake huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kama mikono inakuwasha kung'oa kitu, anza na huo, kisha mbarika, ambao wengine mnauita mnyonyo.

Mtoto akila mmea usioujua, usimtapishe wala usimpe maji ya chumvi. Chumvi yenyewe inaweza kumdhuru. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, yanakupotezea muda. Mtoe mabaki mdomoni, msukutue kwa maji, kisha mpeleke hospitali hata kama bado anacheza. Beba tawi lenye majani, ua na tunda, si jani moja lililosinyaa mfukoni. Tutakuuliza alikula kiasi gani na saa ngapi, kwa hiyo angalia saa kabla hujatoka nyumbani.