Vioo vya Branagh Si Madoido

Makala iliyodai kwamba uzungumzi nafsi maarufu wa Hamlet, “Kuwa au kutokuwa”, ulikwisha kupata filamu yake mwaka 1948, na kwamba waliofuata wameongeza madoido tu, imewaonea waliofuata.

Laurence Olivier, Hamlet wa filamu hiyo ya 1948, anastahili sifa. Amekaa juu ya mwamba, bahari inachafuka chini yake. Maneno mengine anayatamka, mengine tunayasikia akilini mwake. Kisha jambia linamponyoka na kutumbukia majini. Safi kabisa. Lakini filamu hiyo inayosifiwa kwa uaminifu imeyahamisha maneno hayo, ikayaweka baada ya Hamlet kugombana na mpenzi wake Ophelia. Rafiki zake Rosencrantz na Guildenstern nao wamefutwa kabisa. Mbona hayo hayaitwi madoido?

Kenneth Branagh, katika filamu yake ya mwaka 1996, aliyarudisha maneno hayo mahali pake, tena akakumbuka jambo ambalo Shakespeare aliliandika waziwazi: Mfalme Claudius na mshauri wake Polonius wamejificha hapo karibu. Hamlet anajisemea mbele ya kioo kikubwa, na nyuma ya kioo hichohicho muuaji wa baba yake anamtazama. Anapochomoa jambia, Claudius anashtuka. Mwamba wa Olivier, pamoja na uzuri wake wote, hauna mtu wa kushtuka.

Hamlet wa Ethan Hawke, katika filamu ya mwaka 2000, anazurura katika duka la kukodisha kanda za video, kwenye rafu za filamu za mapigano, ilhali mwenyewe hathubutu kutenda. Kejeli hiyo imekolezwa mno, nakubali.

Ila kwa tukio hili moja, Branagh amemshinda Olivier.