Taa ya Milioni Mbili na Usingizi wa Pono

Jumatano jioni mpwa wangu alikuja kwangu Malindi ya Mji Mkongwe, uso umemsawijika kama mtu aliyerudishiwa posa. Kijana ameshamaliza kozi ya kwanza ya kuzamia, ana mapezi yake na miwani yake, na sasa anataka kujifunza kuzamia usiku. Mwalimu wake kamwambia mbele ya wenzake: "Bila taa ya maana huingii majini. Taa ya bei ndogo ni kifo. Rahisi ni ghali, kijana." Kisha akamwonesha hiyo taa ya maana, ambayo kwa bahati njema ilikuwa palepale dukani kwao, ndani ya kabati la kioo. Shilingi 2,100,000.

"Mjomba," akaniambia, "kwa pesa hizo si napata pikipiki?"

Unapata, nikamjibu, tena pikipiki inakuja na taa yake mbele.

Hadithi hii naisikia miaka nenda miaka rudi na kila mara nanyamaza, kwa sababu ukibishana na walimu wa kuzamia wanakuona mzee uliyepitwa na wakati. Leo sinyamazi. Nimeongoza wageni chini ya maji usiku kwa miaka 19, Nungwi kwanza, baadaye hapa Mjini. Sijapata kumwona mtu akitaabika kwa sababu taa yake ilikuwa na mwanga mdogo. Wote niliowaona wakitaabika walikuwa na ugonjwa mmoja tu: walishuka na taa moja. Nzuri, ghali, inang'aa kama mnara wa taa wa Ras Nungwi, lakini moja.

Mwalimu huyo, nilipomuuliza, alisema taa ya bei ndogo ni ile yenye chini ya lumeni 3,000. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, na siku hizi wazamiaji wanatambiana lumeni kama vijana wanavyotambiana kamera za simu. Mwenye 5,000 hamsalimii mwenye 1,000. Nikamuuliza hiyo 3,000 kaitoa wapi. Akasema ndivyo alivyofundishwa. Na aliyemfundisha? Alijifunzia Ulaya.

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Huko Uskochi na Norway, na katika yale maziwa ya Ujerumani, watu wanazamia kwenye maji ya nyuzi 5 au 6, mengine mazito kama uji wa ulezi. Baridi inanyonya nguvu ya betri. Mikononi wamevaa glovu nene, swichi ndogo hawaioni wala hawaihisi, kwa hiyo wanahitaji taa yenye mpini kama wa pasi ya mkaa. Kule taa kubwa ina sababu zake na sina ugomvi nao. Lakini sisi maji yetu ni nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima. Mkono uko wazi. Betri haioni baridi. Ukienda mwamba wa Pange, boti inakufikisha kutoka Mji Mkongwe kabla hujamaliza kufunga mkanda, unashuka mita kumi na kitu, unakaa chini muda wa saa moja au pungufu, unapanda unakunywa chai ya tangawizi. Kumwuzia mtu wa Pange taa ya ziwa la barafu ni kumwuzia koti la manyoya. Lakini hatushangai, maana ni sisi hawahawa tunaowavalisha watoto sweta na tai shuleni mwezi wa Februari, jasho linawatiririka mpaka kwenye daftari, kwa kuwa mtu fulani wa zamani alitoka kwenye baridi akadhani kila shule duniani ina baridi.

Tuje kwenye mwanga wenyewe. Mvuvi wa dagaa, ambaye hajasoma kozi yoyote, anajua taa inafanya nini baharini usiku. Zamani alikuwa na karabai, sasa wengi wana taa za LED, lakini kazi ni ileile: kuita. Anawasha, anasubiri, dagaa wanakuja wenyewe. Basi wewe mwenye lumeni 5,000 ukining'inia juu ya tumbawe ni karabai linalopumua. Ndani ya dakika mbili umezungukwa na vijinyoo, vikamba na kila kidudu kinachopenda mwanga, vinakuingia masikioni, vinajipanga mbele ya miwani, na kile ulichokuja kukitazama hukioni tena. Kisha kuna chembe. Maji ya bahari hata yakiwa safi yana chembe, na kila chembe inakurudishia mwanga usoni. Kadiri taa inavyozidi ukubwa na upana, ndivyo pazia jeupe linavyozidi unene mbele yako.

Dereva yeyote aliyepita kwenye ukungu akawasha taa ndefu anaelewa ninachosema. Au niseme dereva yeyote mwenye akili, kwa sababu wale wa barabara ya Nungwi siku hizi wamefunga LED nyeupe za kupofusha watu na hawazishushi hata wakikutana na mwenye baiskeli. Nao wanaamini mwanga mwingi ni usalama. Usalama wa nani, hawasemi.

Halafu kuna wenyeji wa mwamba. Waswahili tulimpa pono cheo cha usingizi. Mtu akilala fofofo tunasema kalala kama pono, na msemo huu haukutungwa na mtu aliyekaa pwani akipunga upepo. Pono hulala kweli. Usiku anajibanza kwenye pango la mwamba, na baadhi ya aina zake hujitengenezea mfuko wa ute unaomfunika mwili mzima, chandarua chake mwenyewe asichosubiri kugawiwa na wizara. Ukimmulika kwa ukingo wa duara dogo la mwanga, unamwona yote, rangi zake, mdomo wake wa kasuku, mapezi yanavyopepea taratibu. Hajigeuzi. Mletee lumeni 5,000 usoni uone. Samaki ambaye lugha nzima imemfanya kipimo cha usingizi, wewe umemwamsha! Na taa, namaanisha taa samaki, yule mwenye mkia, anaiona taa yako kabla wewe hujamwona, anajipukuta mchanga na kuondoka. Wanaobaki ni kolekole, ambao wamekwisha gundua kwamba mzamiaji mwenye mwanga mkali ni mtumishi wao: wewe unamulika visamaki, wao wanakula.

Ataniambia mtu, lakini rangi je? Kweli, maji humeza rangi nyekundu kwanza, na mchana ukifika mita 10 kila kitu kimekuwa cha buluu na kijivu. Ndiyo maana usiku kuna raha: tochi iko karibu na kitu, mwanga hausafiri mbali, wekundu unarudi. Lakini kwa umbali wa mkono mmoja lumeni 800 zinaurudisha wekundu kama kawaida. Na kile kilicho kizuri kuliko vyote usiku hakitaki lumeni hata moja. Funika taa kifuani, punga mkono kwenye giza, utaona cheche za buluu zikimwagika kutoka vidoleni, vijidudu vinavyotoa mwanga vikiguswa. Nimeona watu wazima wakilia ndani ya miwani kwa hilo. Bei yake ni kuzima.

Pingamizi kubwa la mwalimu, naapa, lilikuwa hili: "Na akitokea papa?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Papa wengi niliowaona maishani mwangu walikuwa ng'onda, wamelala chali sokoni Darajani wakisubiri mchuzi wa nazi. Na tuseme anatokea. Utamfanyia nini kwa lumeni 3,000 ambacho huwezi kumfanyia kwa 1,000? Utamsomea risiti?

Sasa, mpwa wangu hakuja mikono mitupu. Alinionesha simu: tochi ya kuzamia, imeandikwa lumeni 20,000, shilingi 60,000 tu, na usafiri bure. Uongo huu nao ni mtoto wa imani ileile. Watu wakishaabudu namba, atatokea wa kuwauzia namba. Tupige hesabu ya darasa la saba. Betri ya tochi hizi nyingi ni ile inayoitwa 18650, unene milimita 18, urefu milimita 65. Iliyo bora kabisa ina uwezo wa mAh 3,500 hivi, yaani wati 12 na ushei kwa saa moja. LED nzuri inatoa karibu lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 1,000 ni wati 10, kwa hiyo betri moja inakupa saa moja na kidogo, na hiyo ndiyo tochi ya kweli. Lumeni 20,000 zingetaka wati 200. Betri hiyo moja, hata kama ingekubali, ingekwisha kabla hujafika dakika ya nne. Na ukiona betri ya ukubwa huo imeandikwa mAh 9,900, usibishane na muuzaji, ipeleke kwa sonara akupimie. Nzima ina gramu 45 hadi 50. Nyingi za uongo ni nyepesi, na hizo 9,900 zake ziko kwenye karatasi ya nje.

Hata tochi za wakweli zina ujanja wao. Zinaandikwa "saa tatu", lakini kipimo wanachokifuata watengenezaji wengi, FL1 cha Marekani, kinahesabu muda mpaka mwanga ubakie asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa ya tatu unashika kibiriti.

Basi nilimwambia anunue hivi. Tochi ya lumeni 800 mpaka 1,000, mwanga wake uwe mwembamba kama mkuki, kwa sababu mwembamba hauamshi chembe, na kwa sababu chini tunazungumza kwa mwanga: duara mchangani ni "niko sawa", kwenda na kurudi harakaharaka ni "nitazame, nina shida". Mwanga mpana wa kupigia video hauchori duara, unachora ukungu. Kina kiandikwe kwa mita. Neno IPX8 peke yake lisimdanganye, maana linathibitisha tu kuzama zaidi ya mita 1 kwa masharti ya mtengenezaji. Oringi, zile pete za mpira zinazozuia maji, ziwe mbili. Hiyo aliipata kwa 130,000. Ya pili, ndogo, 80,000.

Na ajifunze kutunza oringi, jambo ambalo kabati la kioo halikumweleza. Kila anapofungua aifute, aipake grisi ya silikoni kidogo tu, aitazame kwenye mwanga kama anayetafuta chawa. Mgeni mmoja wa kwangu alishuka na taa ya bei ya ng'ombe wawili. Unywele wake mmoja ulibanwa kwenye oringi. Mita 9 taa ikajaa maji kama kikombe. Bahari haikuomba kuoneshwa bei.

Lakini usiku ninaoukumbuka zaidi ni mwingine. Mita 14, hakuna mwezi, maji yanavuta kidogo. Mteja ana taa kubwa kama birika. Jioni nzima alikuwa akiwamulikia wenzake ufukweni, hakuirudisha kwenye chaji. Dakika ya 20 ikafifia, ikazima. Akanishika mkono kwa nguvu, alama za kucha zilikaa wiki nzima. Taa ya pili hana. Mimi nami, nikiwa mjinga mwenye uzoefu, siku hiyo ya akiba nilikuwa nimemwazima mgeni mwingine kule juu, na yangu kubwa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Aliyetutoa ni kijana wetu wa boti aliyekuwa akijifunza kazi, na kitochi chake cha betri tatu ndogo kilichofungwa kwenye jaketi kwa kamba ya usumba. Lumeni ngapi? Hakikuandikwa. Kilitupandisha watu watatu, kikatusimamisha dakika tatu kwenye mita 5, kikaonekana kwa nahodha tulipoibuka.

Kijana huyo, kwa taarifa yenu, usiku ule alilipwa pesa isiyotosha kununua mkanda wa taa ya mteja. Lakini hayo nitayasema siku nyingine.

Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taa inayohitaji kumtishia kijana kifo ndipo inunuliwe, wewe unaiweka upande gani?

Mwalimu, mpwa wangu atakuja kwako Ijumaa na tochi mbili, jumla shilingi 210,000. Moja mkononi, moja kwenye jaketi. Kabla hujamrudisha mlangoni, waulize wale wenye taa za milioni mbili ya pili iko wapi.