Baada ya Kisu, Uso Hudumu kwa Muda Gani?

MAJUZI nikiwa mjini Lodwar, mama mmoja wa makamo afanyaye kazi ya afisi alinijia na swali ambalo, nakiri, kwanza lilinichekesha. Alikuwa amesoma habari za akina mama wa Nairobi na ng'ambo wanaokwenda kwa madaktari kuvutwa ngozi ya uso ili makunyanzi yatoweke. Alitaka kujua jambo moja tu: ukishalipa fedha zote hizo, uso mpya hukaa kwa muda gani kabla ya kurudi ulikotoka?

Swali lenyewe si la upuuzi, na jibu lipo. Kwa wengi, matokeo ya upasuaji huo hudumu yapata miaka 10, pengine pungufu kidogo. Madaktari wawili wa London, Barry Jones na Steven Lo, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa wagonjwa waliopimwa kwa muda mrefu baada ya kupasuliwa. Baada ya miaka mitano na nusu, takriban robo tatu yao walikuwa bado wanaonekana vijana kuliko walivyokuwa kabla ya kisu. Shingo ndiyo iliyotangulia kulegea.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Upasuaji wa kwanza wa namna hii unaotajwa ulifanywa mjini Berlin mwaka 1901 na daktari Eugen Holländer, naye alikata ngozi kando ya masikio akaivuta na kuishona. Ngozi ikivutwa peke yake hulegea upesi kama ukanda wa mpira. Ndipo katika miaka ya 1970 madaktari wakajifunza kukaza pia tabaka la nyama lililo chini ya ngozi, na matokeo yakaanza kudumu.

Hata hivyo, kisu hakisimamishi saa. Jua, tumbaku, kunenepa na kukonda huendelea na kazi yao. Nilimkumbusha mwenzangu kwamba jua la Lodwar, ambapo joto la mchana hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka, si la kuchezewa. Isitoshe, sisi Waafrika ngozi zetu huwa na mwelekeo wa kuota kovu nene lililofura, na mahali pa kukatwa ni karibu na sikio, pale pale ambapo makovu hayo hupenda kuota. Alicheka akasema basi atanunua kofia.

Tulipokuwa tukiongea, mama yake mzazi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, amejifunika shuka hadi usoni. Alikuwa amekuja kutoka Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kila baada ya dakika chache alifuta machozi, na hakuwa akilia. Nilipomwamkua aliitikia bila kuinua macho, kwa sababu mwanga ulimchoma. Mkononi alishika kibano kidogo cha chuma.

Bibi huyu naye alikuwa ameshapasuliwa usoni. Si kwa urembo. Yeye alipasuliwa ukope.

Trakoma, ambayo wengine huiita vikope, ni ugonjwa wa viini unaoambukizwa kwa mikono, kwa vitambaa vya kufutia uso na kwa nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, ndani ya ukope wa juu hufanyika makovu. Miaka ikipita makovu hayo hujikunja, ukope ukageukia ndani, na nywele zake zikaanza kukwaruza kioo cha mbele cha jicho kila mtu apepesapo. Hebu fikiria mchanga machoni, mchana na usiku, kwa miaka. Mwishowe kioo hicho huwa cheupe na mtu hupofuka. Wanawake huumia zaidi ya wanaume, kwa kuwa ndio wanaolea watoto na kuambukizwa tena na tena.

Turkana ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizoteswa sana na maradhi haya, pamoja na Pokot Magharibi, Samburu, Baringo, Narok na Kajiado. Majirani nao wameyajua: Karamoja kule Uganda, na Sudan Kusini walikotoka wakimbizi wengi walioingia kambi ya Kakuma tangu ilipofunguliwa mwaka 1992. Nzi hawaulizwi pasipoti.

Upasuaji wa ukope ni mdogo. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, ukope hukatwa na kugeuzwa nje, hushonwa, jicho hufunikwa hadi kesho yake. Si lazima awe daktari bingwa; wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa hasa kazi hiyo huifanya. Bibi alipasuliwa kwenye kambi ya matibabu iliyopita kijijini miaka miwili hivi iliyotangulia. Alifurahi sana, akaweza tena kuangalia mbuzi bila kujifunika. Kisha mwaka haujaisha, nywele zikarudi.

Alichoamini bibi ni kwamba alidanganywa. Akarudia kibano chake, na binti yake aliponiuliza habari za uso wa Nairobi hakujua kwamba swali lenyewe lilikuwa limeketi pale ukutani.

Nilimweleza bibi, binti yake akitafsiri, kwamba kurudi kwa nywele si ajabu wala si kosa lake. Kule Ethiopia, uchunguzi wa wagonjwa 1,000 uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha namna mbili za kupasua ukope. Kwa namna moja, nywele ziliwarudia wagonjwa 13 kati ya kila 100 katika mwaka wa kwanza. Kwa nyingine, 22 kati ya 100. Zinazorudi katika miezi ya mwanzo mara nyingi hutokana na jinsi ukope ulivyokatwa au kushonwa. Zinazorudi baadaye hutokana na makovu yanayoendelea kujikunja. Uchunguzi mwingine wa huko huko Ethiopia, wa mwaka 2006, ulionyesha kwamba dozi moja ya azithromaisini baada ya upasuaji hupunguza marejeo kwa thuluthi moja hivi.

Kibano nacho? Huleta nafuu kwa muda, lakini nywele hukatika na kuota fupi na ngumu zaidi, zikachoma kuliko mwanzo. Mimi sikumlaumu. Mtu aliye mbali na kliniki, asiye na nauli, atatumia alicho nacho.

Bibi aliuliza maswali mawili. La kwanza, je, ukope unaweza kukatwa mara ya pili? Unaweza, ingawa kazi ni ngumu zaidi na yafaa ifanywe na mwenye uzoefu mkubwa. La pili, je, ataona kama zamani? Hapo binti alinitazama kama aniombaye nidanganye kidogo. Sikuweza. Upasuaji huondoa uchungu na kulinda mwanga uliobaki. Ule uliokwisha kupotea haurudishi.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kwa tafsiri ya bintiye, kwamba uchungu peke yake watosha kumpeleka.

Wajukuu watatu walikuwa wakicheza hapo, nyuso zimejaa vumbi na kamasi, nzi juu yake. Kuosha uso hakuhitaji ndoo; chupa ndogo yenye tundu kwenye kifuniko yatosha watoto watatu. Lakini hata hiyo chupa yataka maji, na maji Turkana ni hadithi ndefu. Mwaka 2013 tulitangaziwa ziwa la chini ya ardhi huko Lotikipi, tukashangilia, na baadaye vipimo vikaonyesha maji yale ni ya chumvi. Vyoo navyo ni haba, na nzi wa trakoma hutaga mayai kwenye kinyesi kilichoachwa wazi.

Jumatatu asubuhi binti aliomba ruhusa kazini akampeleka mamake kitengo cha macho, kibano kikiwa kimebaki nyumbani juu ya dirisha. Bibi amepewa siku ya kupasuliwa, na ameambiwa arudi kuangaliwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita baadaye, hata kama hasikii maumivu. Nauli ya safari hiyo ya pili tayari imewekwa kando. Ni zile fedha za kofia.