TAHARIRI: Madhara ya corona kwenye ubongo, Masisi na Walikale wasisahauliwe

Mei 5, 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba COVID-19 si tena dharura ya afya ya kimataifa. Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangazo hilo halikubadilisha mengi. Watu walikuwa wamekwisha kurudi kwenye mahangaiko yao ya kila siku: kukimbia mapigano, kutafuta chakula, kutibu malaria na surua za watoto. Kwa wengi, corona ulikuwa ugonjwa uliopita njia ukaenda zake.

Kwa baadhi ya waliougua, haukwenda. Homa ilikwisha na kikohozi kikakoma, lakini kichwa hakikurudi kama zamani. Mtu anaanza sentensi na kusahau alichotaka kusema. Anakwenda sokoni na kurudi bila alichotumwa. Analala usiku kucha na kuamka amechoka kama aliyelima. Wengine wanapoteza harufu kwa miezi, wanasikia kizunguzungu, au wanaingiwa na huzuni na wasiwasi visivyo na sababu wanayoweza kuitaja.

Hali hii ina jina na maelezo rasmi. Oktoba 2021, WHO ilitoa tafsiri ya madhara ya muda mrefu ya COVID-19: ni dalili zinazoonekana kwa kawaida ndani ya miezi mitatu tangu mtu aambukizwe, zinadumu angalau miezi miwili, na haziwezi kuelezwa na ugonjwa mwingine. Dalili tatu zinazotajwa mara nyingi ni uchovu, kukosa pumzi, na ugumu wa kufikiri na kukumbuka. WHO inakadiria kwamba watu kama 6 katika kila 100 waliougua hupatwa na hali hiyo.

Wanasayansi wamechungulia ndani ya ubongo wenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa Machi 2022 katika jarida la Nature, ulilinganisha picha za ubongo za watu 785 wa Uingereza, wenye umri wa kati ya miaka 51 na 81, waliopigwa picha mara mbili. Kati yao 401 waliambukizwa corona baina ya picha ya kwanza na ya pili. Hao walionekana kupungukiwa zaidi katika baadhi ya sehemu za ubongo, kwa asilimia kati ya 0.2 na 2, hasa sehemu zinazohusika na harufu na kumbukumbu. Wengi wao hawakuwahi kulazwa hospitalini.

Februari 2024 ukaja utafiti mwingine, wa watu wazima zaidi ya 112,000 nchini humo waliofanya majaribio ya kumbukumbu na kufikiri kwa njia ya intaneti. Walioambukizwa na kupona kabisa walipungukiwa kiasi cha alama 3 za kipimo cha akili wakilinganishwa na wasioambukizwa. Wale ambao dalili zao hazikuisha walipungukiwa alama 6.

Sababu bado zinachunguzwa, lakini picha ya jumla inaanza kuonekana. Kirusi hakihitaji kuingia kwa wingi ndani ya ubongo ili kuuumiza. Uvimbe unaosababishwa na kinga ya mwili iliyochachamaa, madonge madogo ya damu kwenye mishipa, na upungufu wa oksijeni wakati wa ugonjwa vinatosha kuacha alama.

Haifai kuchukua tarakimu za Uingereza na kuzibandika Masisi. Wakazi wa Kivu Kaskazini wengi ni vijana, na waliopimwa Oxford walikuwa watu wa makamo na wazee. Lakini haifai pia kudhani kwamba kwa kuwa hakuna aliyepima, basi hakuna mgonjwa.

Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 10, 2020 mjini Kinshasa, na wiki chache baadaye ugonjwa ulikuwa umefika Kivu Kaskazini. Mwanzoni vipimo vyote vya nchi vilitegemea maabara ya Taasisi ya Kitaifa ya Utafiti wa Kibayolojia, INRB, iliyoko Kinshasa. Nchi yenye watu wapatao milioni 100 ilimaliza janga hilo ikiwa na wagonjwa wasiofikia 100,000 waliothibitishwa. Hakuna mtaalamu anayeamini kwamba hao ndio wote. Uchambuzi wa WHO uliotolewa Aprili 2022 ulionyesha kwamba barani Afrika maambukizi halisi huenda yalikuwa mara 97 ya yale yaliyoripotiwa, na kwamba hadi Septemba 2021 watu wawili kati ya watatu walikuwa na kinga ya mwili inayoonyesha kwamba wamewahi kukutana na kirusi hicho.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa barani kote, mkulima wa Nyabiondo au mchimbaji wa Rubaya aliyekohoa wiki mbili mwaka 2021 alikuwa na nafasi ndogo sana ya kupimwa. Leo akifika kituo cha afya na kusema anasahau, hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuugua corona. Muuguzi naye hana sababu ya kuuliza.

Chanjo, ambayo imeonekana kupunguza uwezekano wa kupata madhara haya ya muda mrefu, nayo haikuwafikia wengi. Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX. Utoaji ulichelewa hadi Aprili 19, watu wakasita, na dozi zipatazo milioni 1.3 zikarudishwa ili zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Mkoani Kivu Kaskazini kusita huko kulikuwa na mizizi. Watu walikuwa wametoka kwenye mlipuko wa Ebola ambao baadhi yao waliuita biashara, kwa sababu waliona magari na pesa nyingi kuliko walivyoona dawa za maradhi yanayowaua kila siku.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba dalili za ubongo ulioguswa na corona hazina sura yake peke yake. Uchovu unaweza kuwa malaria, upungufu wa damu, njaa au UKIMWI. Kusahau na kukosa usingizi kunaweza kuwa jeraha la moyo la mtu aliyeona kijiji chake kikichomwa. WHO inakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Masisi na Walikale zimeishi na vita kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hali ya karibuni imeongeza mzigo. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, na maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa hospitali kuu. Mwishoni mwa mwezi huo Goma ikaangukia mikononi mwao na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Machi 19 wakaingia Walikale mjini, kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Mtu aliyekimbia mara tatu kwa mwaka mmoja hawezi kujua kama kichwa chake kilivurugwa na kirusi, na risasi, au na vyote viwili. Daktari bila vifaa hawezi kujua pia.

Kutojua huko kuna gharama. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila mara akilipa. Dawa zikishindwa, nyumbani huanza maneno. Kijana anaitwa mvivu. Mke anaambiwa amechoka na ndoa. Mzee anashukiwa kulogwa, au mbaya zaidi, kuloga. Mbuzi anauzwa, kisha kipande cha shamba, ili kumlipa mganga au mhubiri anayeahidi kumfungua. Mwalimu anayesahau somo katikati ya darasa anapoteza heshima mbele ya wanafunzi, na mchimbaji ambaye akili yake inachelewa sekunde chache anaweza kupoteza maisha shimoni.

Wataalamu wa kumwona ni wachache na wako mbali. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na hospitali kubwa ya nchi ya magonjwa ya ubongo na akili, CNPP, iko Kinshasa. Kwa mgonjwa wa Pinga au Nyabiondo, hata safari ya Goma ni barabara mbovu, vizuizi vya wenye silaha na nauli asiyokuwa nayo.

Wapo watakaouliza: kwa nini kuzungumzia kusahau mahali ambapo mtoto anakufa kwa surua? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2019 pekee surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto, na kipindupindu hakijawahi kuondoka Kivu. Hakuna anayepaswa kupunguza chanjo hata moja ya surua ili kununua mashine ya kupiga picha za ubongo.

Lakini hakuna anayeomba mashine. Kinachohitajika ni muuguzi mwenye maswali sahihi na daftari. Maswali hayo hayo yatamfaa mtoto aliyepona malaria ya kichwani akabaki na kifafa, mwanamke aliyebakwa asiyelala, na mzee aliyeanza kupotea njia ya nyumbani kwake. Kituo cha afya kinachojua kusikiliza kichwa cha mgonjwa hakiwafai wagonjwa wa corona peke yao.

Kivu Kaskazini pia haianzi kutoka sifuri. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020 uliua watu 2,287, na Agosti 2019 ulifika hadi Pinga, wilayani Walikale. Zaidi ya watu 1,100 walipona. Hao hawakuachwa hivi hivi: uliwekwa mpango wa kuwafuatilia, kuwapima macho, viungo na hali ya akili, kwa kuwa ilikwisha kujulikana kwamba kupona Ebola si mwisho wa Ebola. Utafiti uliofanywa Liberia na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliopona walilalamikia maumivu ya kichwa, uchovu na kupoteza kumbukumbu kuliko ndugu na jirani ambao hawakuugua. Somo lilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu wengi. Ni aibu kulifungia kabatini.

Wizara ya Afya na wakuu wa afya wa mkoa wana hatua nne wanazoweza kuchukua bila kusubiri amani kamili. Ya kwanza ni kuongeza katika daftari la kituo cha afya nafasi ya kuandika dalili za kusahau, uchovu usioisha na kukosa usingizi zinazodumu zaidi ya miezi miwili, pamoja na homa au kikohozi kikali kilichotangulia. Ya pili ni kuwafunza wauguzi kwa mpango wa mhGAP, ambao WHO iliuanzisha mwaka 2008 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa akili. Ya tatu ni kuhakikisha kwamba kabla ya kumwambia mgonjwa ana tatizo la ubongo, amepimwa malaria, damu, sukari na virusi vya UKIMWI, kwa sababu hayo yana tiba. Ya nne ni kuwatumia wajumbe wa afya wa vijiji, RECO, ambao hukimbia pamoja na watu na kurudi pamoja nao, kueleza kwamba kusahau baada ya ugonjwa si uchawi wala uvivu.

Mashirika ya misaada yanayosaidia hospitali za Masisi na Walikale nayo yanaweza kuliingiza suala hili katika huduma zao za afya ya akili, badala ya kuliona kama mradi mwingine wa kutafutiwa wafadhili. Na wanaoshika bunduki, wa upande wowote, wana wajibu mmoja rahisi kuutaja na mgumu kwao kuutimiza: wauguzi, dawa na wagonjwa wapite.

Hakuna kidonge kinachoponya hali hii. Ukweli huo usifichwe, maana ndio unaowafungulia mlango wauza dawa za uongo. Lakini wagonjwa wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, hasa wakipumzika kwa vipimo, wakirudi kazini kidogo kidogo, wakilala vizuri na wakizungukwa na watu wanaowaamini. Kiongozi wa dini anayemwambia muumini wake aende kwanza kituo cha afya, mwalimu mkuu anayempunguzia mwenzake vipindi, na mume anayeacha kumwita mkewe mvivu, wote hao wanatibu.

Jamii za Masisi na Walikale zimezoea kuhesabu waliokufa. Wapo pia walio hai ambao hawajahesabiwa, na hesabu yao haihitaji fedha nyingi. Inaweza kuanza na muuguzi mmoja, kwenye kituo kimoja, akimuuliza mgonjwa aliye mbele yake: tangu lini kichwa chako si kile ulichokuwa nacho?