MAONI: Kabla hedi haijasagwa, dai uonyeshwe hesabu

Kila darasa la hisabati lilikuwa na mtu wa kuuliza, “Mwalimu, hii ya ujazo wa silinda itatusaidia wapi maishani?” Kwetu, huyo mtu alikuwa binamu yangu. Jibu lake alilipata miaka mingi baadaye kando ya barabara kuu ya Mombasa, kilomita chache baada ya Voi, boneti ikiwa juu na sisi wengine tumekaa chini ya mti tukingojea breakdown.

Gari ni Probox, ile ya injini ya 1NZ-FE. Ndiyo, Probox. Cheka tu, lakini binamu aliipenda na alitaka iwe moto. Fundi mmoja alimwambia dawa ni rahisi: “Tunakata hedi milimita moja, kompresheni inapanda, utasikia ndai inavyovuta.” Hedi ikakatwa, na kompyuta ya gari ikachezewa ili cheche itangulie kidogo. Hakuna aliyepima kitu. Hapa Nairobi gari lilikuwa fiti kabisa, miezi miwili ya kujigamba kwenye Thika Road. Likizo ikafika, tukateremka Pwani watu wanne na mizigo. Tukiwa tunapita malori, injini ikaanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Kisha nguvu ikaisha. Ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikuwa zimevunjika pale zinapokaa ringi.

Simlaumu binamu kwa kupenda mwendo. Ninachopinga ni huu mtindo wetu wa kujenga injini kwa “nilisikia” na “jamaa yangu alifanya hivyo”. Msimamo wangu ni huu: mtu asiyeweza kukuandikia hesabu ya kompresheni kwenye karatasi, asikate chuma chako.

Hesabu yenyewe si ya ajabu. Uwiano wa mgandamizo unauliza kitu kimoja: hewa na petroli vilivyojaza silinda pistoni ikiwa chini kabisa, vinabanwa mara ngapi pistoni ikifika juu? Unachukua ujazo ambao pistoni inasafiri, unajumlisha nafasi inayobaki juu yake, kisha unagawanya kwa hiyo nafasi iliyobaki. Basi.

Tuipige kwa 1NZ-FE. Upana wa silinda ni milimita 75, safari ya pistoni ni milimita 84.7. Ile fomula ya kidato cha pili, pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara urefu, inakupa sisi 374 hivi kwa silinda moja. Toyota waliitoa na uwiano wa 10.5 kwa 1. Hiyo ina maana nafasi inayobaki juu ni sisi 39.4. Ni kidogo mno, kama vijiko vinane vya chai.

Sasa kata milimita moja. Tukichukulia kwamba mdomo wa chemba una upana sawa na silinda, umeondoa sisi 4.4. Zimebaki 35. Jumlisha 374, gawanya kwa 35: umefika 11.7 kwa 1. Milimita moja tu, unene wa kadi ya ATM na kidogo juu, imekutoa injini ya kubebea mizigo ikakupeleka injini inayodai petroli ya okteni ya juu.

Na faida? Hata kwa hesabu ya vitabuni ambayo haihesabu msuguano wala joto linalopotea, kutoka 10.5 hadi 11.7 kunaongeza chini ya asilimia tatu. Kwa injini ya farasi 100 na kitu, hao ni farasi watatu. Binamu alipoteza injini nzima kwa ajili ya farasi watatu.

Lakini mbona haikugonga Nairobi? Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na tabo inapumua hewa nyepesi, kwa hivyo hata ukizidisha kompresheni, shinikizo ndani ya silinda halifiki kilele chake. Ukiteremka, kila kilomita inaongeza hewa, na joto la Pwani linaongeza lake. Mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ndio huo mgongo uliousikia. Kwa hivyo “nimeitesti Thika Road na iko sawa” si ushahidi.

Wale wa Subaru najua mnasema hii haiwahusu. Inawahusu zaidi. EJ20 ya tabo, kwa matoleo mengi ya STI, ilitoka kiwandani na 8.0 kwa 1. Ni chini kwa makusudi, kwa sababu tabo tayari inashindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Silinda yake ina sisi 498.6, na nafasi ya juu ni 71.2. Kata milimita moja ileile na unafika 8.7. Inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila tabo inaizidisha. Tena magari haya yaliundiwa petroli ya okteni ya juu ya Japani, na sisi tunajaza ile ya bei ya kawaida kisha tunashangaa. Na usisahau Subaru ina hedi mbili. Ukikata moja zaidi ya nyingine, umejenga injini inayobishana yenyewe.

Najua kuna watakaosema nawadharau mafundi wetu. Hapana. Kuna wazee pale Kirinyaga Road wanaoweza kukuambia beringi ipi imechoka kwa kusikiliza tu. Ila uzoefu huo mwingi ni wa kurudisha injini ilivyokuwa. Ukitoka kwenye vipimo vya kiwanda, sikio halitoshi tena, kwa sababu sikio linasikia mgongo ukiwa tayari umeanza.

Kupima nako hakuhitaji maabara ya Japani. Kumbuka ile bureti ya titresheni ya kemia. Unalaza hedi kifudifudi ikiwa na valvu na plagi zake, chemba ikitazama juu. Unaifunika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, ukingo umepakwa grisi. Unatiririsha mafuta ya taa yaliyotiwa rangi na kusoma sisi ngapi zimeingia. Huna bureti? Sirinji kubwa ya duka la dawa itakusogeza. Kisha unaongeza ujazo wa gaski, kwa unene wake baada ya kubanwa, na ile nafasi pistoni inayobakisha chini ya ukingo wa bloku. Pistoni yenye bonde, unaongeza. Yenye kichuguu, unatoa. Unapima chemba zote, maana mara nyingi hazilingani.

Kwa hivyo ukiingia gereji na ndoto yako, uliza maswali matatu kabla ya kulipa deposit. Chemba yangu ina sisi ngapi sasa? Ukikata kiasi hicho, uwiano utakuwa ngapi, na kwa petroli gani? Valvu zitabaki umbali gani na pistoni? Akikujibu kwa namba, kaa hapo, umepata fundi. Akikujibu “wee niachie mimi, buda”, chukua ufunguo wako uende.

Binamu alinunua injini nyingine, ya kawaida, haijaguswa. Ameanza kuweka akiba ya kujenga ya pili. Safari hii daftari lilinunuliwa kabla ya spana.