Mnafunga tabo, breki mmemwachia nani?

Kijana mwenzangu wa Maili Moja, wa Kongowe, wa Mlandizi, na wewe wa Kisarawe uliyekaa kwenye boneti ukisubiri giza liingie barabara iwe nyeupe, leo nataka tugombane. Tugombane na tumalizane hapa hapa gazetini, maana tukingoja kugombania wodini Tumbi tutakuwa tumechelewa.

Umenunua ndinga yako. Ni Toyota ya mtumba, au Subaru iliyochoka mikononi mwa watu watatu kabla yako. Hukuiba. Umekula mihogo miaka mitatu, umeendesha bodaboda ya watu, umecheza upatu, hatimaye funguo zimo mfukoni. Hongera. Mlalahoi kumiliki gari nchi hii si mchezo.

Lakini tazama ulichofanya baada ya hapo. Wiki ya kwanza umekata springi kwa msumeno ili gari lishuke. Wiki ya pili umeng'oa sailensa, ukaweka bomba linalowaamsha watoto wa mtaa mzima. Mwezi wa tatu umekwenda Gerezani kutafuta tabo iliyochomolewa kwenye gari la marehemu. Fundi wa gereji bubu kaichomelea chini ya mwembe, na usiku huo huo mkaenda kuijaribu Morogoro Road. Washikaji wakapiga makofi.

Swali langu ni moja tu. Breki umebadilisha lini?

Umenyamaza. Nilijua utanyamaza.

TABO SI UCHAWI

Mimi sina digrii ya uhandisi. Nimeishia kidato cha nne kama wengi wenu, na kalamu hii ndiyo jembe langu. Lakini mambo haya hayahitaji digrii, yanahitaji mtu akae chini amuulize fundi mwenye akili.

Tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, nayo ya pili inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Mhimili huo unaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Kwa hiyo usijione mjanja wa kwanza duniani, babu yako alikuwa hajazaliwa.

Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Usipoongeza petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, injini inanoki, pistoni inatoboka kama chapati iliyosahaulika kwenye moto. Ndiyo maana injini za tabo za kiwandani zimejengwa tofauti. Subaru ya tabo inakandamiza hewa kiasi cha 8 au 9 kwa 1. Injini ya Toyota IST ya cc 1,300 inakandamiza 10.5 kwa 1 hata kabla hujaigusa. Wewe unachukua hiyo yenye 10.5, unaipachikia tabo ya kuokoteza, halafu unailisha petroli ya kawaida. Magari mengi ya tabo ya Kijapani yalitegeshwa kwa petroli ya kwao yenye okteni 100. Nenda kaulize pampu yoyote ya Maili Moja kama wanayo.

Na hapa ndipo watu wanapokufa. Ule wepesi wa pedeli ya breki unatokana na mvuto wa hewa ndani ya manifoldi ya injini. Tabo ikianza kusukuma, mvuto ule unapotea. Kinachokuokoa ni vali moja ndogo ya njia moja kwenye mpira unaokwenda kwenye buster. Fundi akiunganisha mipira kwa kubahatisha, au vali ikivuja, siku utakayohitaji breki kuliko siku zote pedeli itakuwa ngumu kama jiwe. Tabo hiyo hiyo iliyokukimbiza ndiyo iliyokunyang'anya breki. Fundi wako alikwambia hilo? Au alikwambia "itachomoka balaa, bosi"?

KISARAWE MPAKA PUGU

Niliwahi kupanda gari la rafiki yangu kutoka Kisarawe kuteremka Pugu. Corolla ya kawaida, tabo ya kuokoteza, springi zimekatwa, matairi ya mtumba. Tulipokuwa tunapanda asubuhi ilikuwa raha tupu. Tuliyapita malori ya mchanga kana kwamba yameegeshwa.

Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, alikanyaga breki mara ya kwanza zikashika. Mara ya pili zikashika kwa shida. Mara ya tatu mguu ukazama kama unakanyaga ugali. Pedi zile zile zilizokuja na gari zilikuwa zimepata moto, moshi unatoka kwenye rimu. Mbele yetu alikuwepo mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Rafiki yangu akarudisha gia, injini ikapiga kelele, akavuta hendibreki, tukaishia kwenye mchanga wa pembeni. Mzee alitupita bila hata kugeuka. Hakujua kama alikuwa anakwenda kufa.

Unajua rafiki yangu alisema nini tuliposhuka? Alisema: "Lakini si umeona ilivyochomoka pale juu?"

Nimeacha kupanda gari lake. Urafiki upo, gari silipandi.

Piga hesabu ya darasa la saba. Ukiwa spidi 50, gari linakula mita 14 kila sekunde. Ukiwa 100, linakula mita 28. Sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mguu haujagusa pedeli, mita 28 zimekwisha. Halafu hesabu ya pili ni chungu zaidi: spidi ikiongezeka mara mbili, njia ya kusimamia inaongezeka mara nne. Kwa breki nzima na tairi nzuri kwenye lami kavu, gari la spidi 50 linaweza kusimama katika mita 30 hivi, hiyo sekunde ya kushtuka ikiwemo. La spidi 100 litataka zaidi ya 80. Sasa weka breki zako na tairi zako kwenye hesabu hiyo. Pale Picha ya Ndege mtoto wa shule anavuka mita ngapi mbele yako?

MIMI SI MZEE WA KUKATAZA

Usinielewe vibaya. Sijaja hapa kuwaimbia wimbo wa "vijana wa siku hizi wameharibika". Kulitengeneza gari likimbie ni akili, ni ufundi, na sisi watu wa pwani hii tuna historia nayo.

Mwaka 1966, na tena 1967, mbio za East African Safari zilichukuliwa na mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Walishinda kwa gari gani? Peugeot 404, gari la familia. Toyota Celica yenye tabo ilipokuja Safari ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Subaru Impreza ya Colin McRae ilishinda mwaka 1997, na ndiyo iliyowatia wazimu vijana wengi wa Afrika Mashariki mpaka leo.

Lakini muulize fundi yeyote wa magari ya mbio anaanzia wapi. Ataanza na shokapu, springi, breki, tairi na kupoza injini. Nguvu huja mwisho. Wewe umeanza na nguvu, ukaishia hapo hapo.

KIBAHA ILIKUWA MJI WA MAGARI

Sasa nawageukia wakubwa, maana si haki nikuseme wewe peke yako.

Kijana wa Kibaha, unajua unaishi wapi? Ukisema "nishushe TAMCO" unadhani ni jina la kituo tu. TAMCO kilikuwa kiwanda cha magari cha taifa, kikiunganisha malori ya Scania hapa hapa Kibaha. Na Scania hao ndio waliotoa injini yao ya V8 yenye tabo mwaka 1969, nguvu farasi 350. Hapa hapa Kibaha kuna Nyumbu, shirika ambalo katika miaka ya 1980 lilibuni na kutengeneza lori la Kitanzania likaitwa Nyumbu. Mtanzania alichora, Mtanzania akayeyusha chuma, Mtanzania akaendesha.

Leo mtoto aliyezaliwa kilomita chache kutoka kwenye geti la Nyumbu anajifunza tabo kwa kubahatisha chini ya mwembe. Hii ni aibu ya nani? Ya mtoto?

Lile lori halikufika kuuzwa mitaani kama Toyota. TAMCO ya Scania ilikufa. Mafundi waliofunzwa wakatawanyika, elimu ikaenda nao kaburini. Tukabaki kuwa taifa la kununua gari lililotumika, tena kwa kodi inayotoa jasho: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na kwa umri wa gari. Kodi hiyo inapima cc, haipimi nguvu. Ndiyo maana kijana ananunua injini ndogo ya bei nafuu, halafu anatafuta nguvu kwa njia ya panya.

Wakati huo huo kigogo anapita Morogoro Road na shangingi. Land Cruiser V8 ya dizeli, lita 4.5, imetoka kiwandani na tabo mbili. Hiyo haiitwi "gari la kihuni". Inaitwa gari la ofisi. Tabo mbili zile, na dizeli yake, na dereva wake, analipa nani? Ni wewe na mama yako anayeuza vitumbua. Na likipita kwenye kibao cha 50, tochi ya trafiki huwa inaliona?

UKAGUZI WA KIOONI

Mwaka 2021 TBS ilianza kukagua magari ya mtumba yakishuka bandarini. Vizuri. Lakini gari likishatoka bandarini na kufika kwa fundi wa mwembe, nani analikagua tena?

Kuna stika ya Nenda kwa Usalama, na stika hiyo inatakiwa ije baada ya ukaguzi. Jiulize: mara ya mwisho ulipobandikiwa stika, gari lako lilinyanyuliwa? Kuna mtu aliyeinama akatazama mpira wa buster? Au kilichokaguliwa ni kioo cha mbele, kama kina nafasi ya kubandika?

Kwenye mkono wa pili kuna faini ya shilingi 30,000. Unakamatwa, unalipa, unaondoka na springi zile zile zilizokatwa. Serikali imepata hela yake, barabara haijapata usalama. Na tangu 2018 walipoanza kuipanua barabara ya Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, wamekupa uwanja mpana wa kujiua. Wamekunyima uwanja salama wa kukimbilia. Nionyesheni kipande kimoja cha lami mkoa mzima wa Pwani ambako kijana anaweza kukimbiza gari lake mchana, kuna ambulansi, kuna wakaguzi, hakuna mtoto anayevuka. Wakenya kule Kiambu wamekuwa wakifunga kipande cha barabara, gari linakimbia moja moja likishindana na saa. Kwani wao wana mapembe?

TUNATAKA NINI

Kwa wakubwa, tunataka mambo matatu ya wazi. Kwanza, ukaguzi wa kweli, gari linyanyuliwe, na fundi aliyefunga tabo aandike jina lake kwenye karatasi. Pili, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti. Iuleteni utaratibu huo kwenye gereji za Maili Moja na Kisarawe badala ya kuzifukuza gereji hizo kila mwaka. Tatu, Nyumbu ifungue geti hata siku moja kwa mwezi, vijana waingie waone kazi inavyofanywa.

Kwako fundi: mteja akija na hela ya tabo lakini hana hela ya breki, mrudishe. Atakutukana leo, kesho mama yake atakushukuru.

Na kwako kijana mwenye funguo mfukoni, sisubiri serikali ikuokoe na wewe usisubiri. Pedi na diski mpya kwanza. Tairi nzima. Shokapu na springi zisizokatwa. Rejeta na oili safi. Ukibadilisha injini, kadi ya gari nayo ikabadilishwe TRA, na kampuni ya bima uiambie, maana siku ya ajali watafungua boneti kabla hawajafungua pochi. Yote hayo yakiwa tayari, na bado una hela na hamu, basi funga tabo yako kwa fundi anayejua kuandika.

Utasema hayo yote ni ghali, bora tabo peke yake. Sawa. Lakini usiku wa leo, kabla hujakanyaga mafuta pale Kwa Mathias, fanya jambo moja la bure. Kanyaga breki kwa nguvu gari likiwa limesimama, usikilize mguu wako unaishia wapi.

Ukizama kama ugali, lala nyumbani. Kuna mzee mmoja wa mkaa yuko njiani kurudi Kisarawe, na hajui kama unakuja.